Jua Baada ya Dhoruba: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kulipia Safari ya Skii Milimani

Dhoruba ya theluji inapopita katika milima ya Rocky, jimboni Colorado, Marekani, aghalabu mbingu hutakata na jua likawaka. Maduka ya kukodisha vifaa hupata wateja wengi, na baadhi yao hukusudia kupanda mlima kwa nguvu zao wenyewe, nje ya viwanja vya skii. Huko hakuna lifti, hakuna walinzi, wala hakuna aliyeikagua miteremko. Somo hili lawahusu wanaotaka kukodi vifaa au kumlipa kiongozi kwa safari ya namna hiyo. Shabaha yetu ni kwamba pesa iliyokwisha kulipwa isimsukume mtu kupanda siku ambayo mlima haufai.

Kwa nini siku nzuri huweza kuwa ya hatari

Mbingu safi hueleza hali ya hewa. Haielezi hali ya theluji. Theluji hulala kwa matabaka. Mwanzoni mwa majira ya baridi, theluji chache iliyopigwa na baridi kali hugeuka punje zisizoshikamana, mfano wa sukari. Dhoruba huweka theluji nzito juu ya punje hizo, na upepo huikandamiza ikawa bamba. Bamba hilo laweza kuvunjika kwa uzito wa mtu mmoja na kuporomoka pamoja naye. Katika ajali nyingi, aliyeyaanzisha maporomoko ni mhanga mwenyewe au mwenzake.

Siku moja au mbili za kwanza baada ya dhoruba zahitaji tahadhari kubwa zaidi. Jua nalo huzidisha hatari, kwani huilegeza theluji katika miteremko inayoelekea kusini kadiri mchana unavyosonga. Katika miteremko ya kaskazini yenye kivuli, tabaka dhaifu laweza kudumu kwa majuma.

Taarifa ya bure itangulie malipo

Kituo cha Taarifa za Maporomoko ya Theluji cha Colorado (CAIC) hutoa utabiri kila siku wakati wa baridi, bila malipo. Hatari hupangwa katika ngazi 1 hadi 5. Ngazi ya 3 huwapotosha wengi, wakidhani kuwa katikati ni salama. Maana yake ni kwamba mtu anayepita mtelemkoni ana uwezekano mkubwa wa kuyaanzisha maporomoko.

Maswali manne ya kuuliza

1. Utabiri ukiwa mbaya, je, nitarudishiwa pesa, au tarehe itahamishwa? Jibu lipatikane kwa maandishi. Asiyeweza kuahirisha bila hasara hushawishika kupanda.

2. Je, kiongozi ana kibali cha kuendesha biashara katika ardhi ya umma, na amepata mafunzo gani kuhusu maporomoko? Mwenye kibali na vyeti hatasita kuvionyesha.

3. Je, kila mtu atapewa vifaa vitatu: redio ndogo ya kutuma na kupokea ishara, ufito mrefu wa kupimia theluji, na beleshi? Redio hukuelekeza karibu na aliyefukiwa, ufito huhakikisha mahali alipo, na beleshi humfukua. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havitoshi. Jaribu redio na betri zake mbele ya mwenye duka. Redio hizi zote hutumia masafa ya kilohezi 457, hivyo za watengenezaji tofauti hupokea ishara za nyingine.

4. Je, hati ya kuachilia haki ya kudai fidia yaweza kusomwa mapema? Omba nakala siku kadhaa kabla ya safari. Usitie sahihi hati usiyoielewa. Tafuta mtu wa kukufasiria.

Kifaa si kinga

Redio haiyazuii maporomoko. Uwezekano wa kumtoa mtu hai hupungua upesi baada ya dakika kumi hivi za kwanza, na kikosi cha uokoaji ni nadra kuwahi muda huo. Waokoaji wako ni wenzako uliopanda nao. Kwa hiyo, vifaa vilivyokodiwa bila mazoezi ni mzigo tu. Kagua pia bima yako ya afya, kwani usafiri wa helikopta ya wagonjwa waweza kugharimu pesa nyingi.

Chagua safari ifaayo siku yenyewe

Maporomoko mengi ya mabamba huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Mteja ana haki ya kuomba njia yenye mwinamo wa chini ya nyuzi 30, isiyopita chini ya miteremko mikali zaidi. Jua na theluji mpya hupatikana huko pia. Mkiwa njiani mkaona maporomoko mapya, nyufa zikikimbia mbele ya skii, au mkasikia mshindo mzito wa theluji ikididimia, ondokeni kwenye mteremko na chini yake, hata kama safari imekwisha kulipiwa.

Kwa muhtasari: soma utabiri, uliza, andikiana, kisha ulipe. Pesa iliyopotea hutafutwa tena, lakini uhai haurudi.