Mafiga Matatu ya Amani: Nadharia ya Uliberali na Funzo la Afrika Mashariki

Utangulizi

Figa moja haliinjiki chungu, walinena wahenga. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba nadharia ya uliberali kuhusu uhusiano wa kimataifa imejengwa juu ya hekima iyo hiyo, na kwamba historia ya Afrika Mashariki inaithibitisha.

Msingi wa Nadharia

Mnamo 1795, mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alichapisha insha kuhusu amani ya kudumu. Alipendekeza mambo matatu: kila dola iwe na katiba ya kijamhuri, mataifa huru yaungane katika shirikisho, na mgeni aingiapo nchi ya wengine asitendewe kama adui. Kutokana na mapendekezo hayo, wanaliberali wa baadaye walipata mafiga yao: demokrasia, asasi za kimataifa na biashara. Hoja yao ni kwamba raia ndio wanaolipia vita kwa damu na mali, hivyo wakishauriwa watasita. Asasi huwapa wagomvi baraza la kusikilizana. Na wafanyao biashara huchelea hasara.

Wapinzani wao ni wafuasi wa uhalisia, istilahi ambayo hapa haina maana tuliyoizoea katika fasihi. Hawa hushikilia kuwa hakuna serikali iliyo juu ya madola, kwa hivyo kila dola hutegemea nguvu zake. Hutukumbusha kwamba Uingereza na Ujerumani zilifanya biashara kubwa, lakini zikapigana mwaka 1914. Mwanaliberali atajibu kuwa hilo lilikuwa figa moja tu.

Funzo la Afrika Mashariki

Jumuiya ya 1967 ilikuwa na mafiga mawili. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na soko la pamoja, na asasi zao zilisimamia reli, bandari, posta na ndege. Hata hivyo, maamuzi makuu yalikuwa mikononi mwa marais watatu. Idi Amin alipotwaa mamlaka kwa mapinduzi Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye, na kikao cha marais kikakwama. Pakaongezeka mizozo kuhusu mgawanyo wa faida na tofauti za kiitikadi. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera, na vita vikadumu hadi 1979.

Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Mkataba huo unataja demokrasia na utawala wa sheria miongoni mwa kanuni zake. Hata hivyo, Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma nchini Kongo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti kwamba jeshi la Rwanda liliwaunga mkono waasi hao, dai ambalo Rwanda imelikanusha. Kongo na Rwanda zote ni wanachama wa Jumuiya.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba kuongeza wanachama na kufungua mipaka hakutoshi. Figa linaloyumba ni lile la kwanza: uwezo wa raia kuwawajibisha watawala wao. Ikiwa raia hao watashauriana kuvuka mipaka, wengi wao watafanya hivyo kwa Kiswahili. Basi suala la amani si la wanasiasa pekee. Linatuhusu pia sisi wanafunzi wa lugha hii.