Usimfukuze Karani, Mdogo Wangu

Wadogo zangu, leo mambo ya wachumba na mawifi tuyape mapumziko, maana kuna barua imenigusa mfukoni. Inatoka kwa mdogo wangu wa Tabata, mwenye kigari cha Kijapani cha mwaka 2004. Anasema:

"Dada, taa ya injini imewaka hii ni wiki ya tatu. Mafuta ya elfu thelathini yalikuwa yananifikisha Ijumaa, sasa Jumatano tu nasukuma. Fundi kapima kwa mashine, kasema sensa ya oksijeni imekufa, nitafute laki mbili. Nimeshazipata. Nimpe?"

Usimpe bado. Njoo ukae hapa kwanza.

Mimi nilishapigwa kwa hiyo hiyo sensa. Nilinunua ya kwanza, taa ikalala siku mbili, ya tatu ikaamka. Fundi akaniambia hiyo ilikuwa feki, tafuta nyingine. Nikatafuta. Ikawaka tena! Mwisho nikalipeleka gari kwa mzee mmoja asiye na maneno mengi. Akaniambia nililaze kwake, alikute la baridi. Asubuhi akaliwasha, akachukua kitambaa kinene, akaziba mdomo wa ekzosi kwa sekunde chache huku ametega sikio kwenye injini. Tsss! Gaskiti ya ekzosi ilikuwa imeungua, na hewa ilikuwa inapita hapo. Akabadilisha gaskiti, ambayo haikufika bei ya kilo mbili za nyama, na taa ikazimika moja kwa moja. Sensa zangu mbili, ile ya zamani na ile niliyoambiwa feki, zote zilikuwa nzima.

Sasa kwa nini mashine iliitaja sensa? Hapo ndipo pa kuelewa, na ukielewa hapo hakuna atakayekupiga tena.

Unakumbuka Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022? Karani alikuja, akauliza nani walilala katika kaya usiku wa kuamkia Agosti 23. Kama shangazi alikuja na watoto wake watano wakalala, wote waliandikwa. Karani hakuongopa, wala si kazi yake kuuliza kwa nini nyumba imejaa. Basi na sensa ya gari lako ni karani wa namna hiyo, ila yeye anahesabu oksijeni inayotoka na moshi. Gaskiti ikitoboka mbele yake, hewa ya nje inaingia kama shangazi na wanawe, naye anaihesabu. Anaripoti kwenye kompyuta ya gari: huku oksijeni ni nyingi. Kompyuta inaelewa kwamba petroli ni kidogo, inaongeza. Gari linabugia mafuta, taa inawaka, na anayefukuzwa kazi ni karani.

Karani mwenyewe ni kipande cha kauri ya zirkonia kilichofungwa kwenye bomba la ekzosi. Upande mmoja unagusa moshi, upande wa pili unagusa hewa safi ya nje. Akishapata joto, kama nyuzi 300 za Selsiasi na zaidi, tofauti ya oksijeni ya pande hizo mbili inazalisha umeme mdogo. Ukikaribia volti 0.9, ina maana petroli imezidi. Ukishuka kwenye volti 0.1, petroli imepungua. Kompyuta inapunguza, inaongeza, inapunguza, ikitafuta uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Ndiyo maana sensa nzima haitulii, inapanda na kushuka muda wote. Ikiganda mahali pamoja, hapo tuanze kuitilia shaka. Wala si jambo la jana hili: Bosch waliitengeneza, na Volvo wakaifunga kwenye magari ya soko la Marekani mwaka 1976.

Magari mengi ya umri wa lako yana angalau makarani wawili. Wa kwanza yuko kabla ya masega, yaani kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, na huyo ndiye anayeamua mafuta. Wa pili yuko nyuma ya masega, anakagua kama masega yanasafisha moshi. Fundi akikwambia "sensa," muulize: ya mbele au ya nyuma?

Halafu usikubali jibu la "mashine imesema." Mashine hutoa namba, nawe mwambie akuandikie kwenye karatasi. Akikuandikia P0135, hiyo inahusu hita ya sensa ya mbele. Sensa zenye waya tatu au nne zina kihita chao cha kupata joto haraka, zile za waya mmoja au mbili zinasubiri joto la moshi. Kabla ya kununua, fyuzi na waya zikaguliwe. Akikuandikia P0171, maana yake petroli ni kidogo kuliko hewa. Hapo atafute panapovuja hewa, aangalie pampu na filta ya mafuta, aangalie na sensa ya hewa inayoingia. P0420 inayalalamikia masega. Hizo mbili za mwisho hazijamwambia mtu yeyote anunue sensa ya oksijeni.

Na ukichomeka kile kidude cha bluutuuthi ulichonunua mtandaoni, gari likanyamaza, usiogope. Magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani mara nyingi hayaelewani na vidude hivyo. Yanataka mashine inayojua lugha yao.

Kipimo cha kweli ni injini ikiwa ya moto, fundi anaangalia sensa ikifanya kazi papo hapo. Akikanyaga mafuta ghafla, namba ya volti iruke haraka. Inayopanda kwa kujivuta imezeeka. Lakini angalizo: Toyota nyingi za miaka ya 2000 zina sensa ya mbele ya aina nyingine, ya kupima uwiano wa hewa na mafuta, na hiyo haichezi kati ya 0.1 na 0.9. Fundi asiyeijua ataihukumu bure. Wala huwezi kufunga moja mahali pa nyingine, hata kama zinafanana sura.

Haya, tuseme imepimwa na kweli imekufa. Sensa huzeeka, sikatai. Zile zisizo na hita hutarajiwa kudumu kama kilomita 50,000 hadi 80,000, zenye hita 100,000 hadi 160,000. Gari la mwaka 2004 lililofika bandarini likiwa limeshatembea, linaweza kuwa limepitiliza zamani. Lakini kabla ya kuleta karani mpya, uliza aliyekufa kafa na nini. Ikitoka na masizi meusi makavu, petroli inazidi: tazama plagi na ea klina. Ikiwa na utando wa mafuta, injini inakula oili. Ikiwa na ukoga mweupe, huenda maji ya rejeta yanapenya ndani, au kuna mtu alipaka gundi ya silikoni isiyofaa kwenye injini. Risasi iliyokuwa kwenye petroli nayo iliua sensa nyingi, ila hiyo haina nafasi tena. Nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwaka 2006, na Agosti 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake pale Nairobi, likatangaza kwamba imekwisha duniani kote. Ukibadilisha sensa bila kuondoa kilichoiua, utazika na ya pili.

Kuna mafundi wanaiosha kwa petroli na kuisugua kwa brashi ya waya. Wadogo zangu, kauri iliyochoka hairudishwi ujana kwa kuogeshwa. Na ya mtumba iliyochomolewa kwenye gari bovu usinunue. Hujui imetembea kilomita ngapi, wala ilichokuwa inavuta. Nenda dukani na namba ya sensa yako ya zamani, hesabu waya, linganisha plagi ya waya.

Siku ya kufunga, simama hapo hapo, hata kama fundi atanuna. Ya zamani hufunguka vizuri ekzosi ikiwa na uvuguvugu, si ya kuunguza, kwa kutumia spana yake ya 22 yenye mpasuo wa kupitisha waya. Grisi ya kuzuia kukwama ipakwe kwenye uzi tu, na nyingine huja zimeshapakwa. Ikigusa ncha, umeshaiharibu. Na waya zisikatwe zikaungwa kwa solda na selotepu. Sensa nyingi hupata ile hewa safi ya kulinganishia kupitia ndani ya waya zake. Ukiziba hapo, karani anahesabu amefungwa macho.

Neno la masega nalo nisilimeze. Kuna wanaokushawishi uyatoe ili gari "lipumue," halafu wao wanayauza, kwa sababu ndani mna madini ya thamani, platini na wenzake. Ukishayatoa, sensa ya nyuma itapiga kelele kila siku, na moshi wako utavutwa na watoto wa jirani. Usikubali.

Najua wapo watakaosema, kwani gari si linatembea? Linatembea, ndiyo. Lakini petroli inayozidi inakwenda kuungulia kwenye masega na kuyapika, na masega ni bei nyingine kabisa. Na taa ile ikianza kupepesa badala ya kuwaka tu, ina maana injini inakosa moto. Punguza mwendo, paki, ita fundi.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Tabata, laki mbili zako zirudishe ulikozitoa. Liache gari usiku kucha kwa fundi, alikute la baridi. Asubuhi nenda na kitambaa kinene, aliwashe, azibe ekzosi, nawe tega sikio. Ukisikia tsss, umeokoa pesa. Usiposikia kitu, mwambie akuandikie namba, kisha unirudie na hiyo karatasi.