SOMO: SOKO LA UTABIRI, NI BIASHARA AU NI KAMARI?

Masomo: Mithali 13:11, Waefeso 4:28, Yakobo 4:13-16



Wazazi wengine hapa kambini wametuuliza juu ya watoto wao waliohamishiwa Marekani. Huko, kila mwezi wa Machi, timu za vyuo vikuu hushindana mpira wa kikapu. Inayofungwa mara moja imetoka. Vijana huweka fedha juu ya michezo hiyo kwa simu, katika kile kinachoitwa soko la utabiri. Wanasema: "Hii si kamari, ni biashara." Tuchunguze.

1. Linavyofanya kazi
Kampuni ya Kalshi ilianza mikataba ya michezo mwaka 2025. Tuseme mkataba wa timu fulani kushinda unauzwa senti 60. Timu ikishinda, mnunuzi anapata dola 1. Ikishindwa, hapati kitu. Upande wa pili yupo mtu aliyetoa senti 40 akisema timu haitashinda. Basi dola hiyo ni fedha za hao wawili tu, na kampuni inatoza ada yake. Majimbo kadhaa yamepinga mahakamani, yakisema ni kamari iliyobadilishwa jina.

2. Je, mkulima naye habahatishi?
Wengine hujitetea hivyo. Ni kweli, tunapanda bila kujua mvua. Lakini mvua ikinyesha, mahindi yanapatikana, na jirani hakunyang'anywa kitu. Katika soko lile halioti hata punje moja. Furaha ya mmoja ni hasara ya mwenzake. Paulo anatufundisha tufanye kazi kwa mikono yetu ili tuwe na cha kumgawia mhitaji.

3. Kesho ni ya Mungu
Mwaka 2018 chuo cha UMBC, kilichopangwa nafasi ya 16, kilikifunga Virginia, cha nafasi ya 1, pointi 74 kwa 54. Jambo hilo halikuwahi kutokea katika mashindano ya wanaume. Yakobo anawaonya wanaojisifu kwa faida ya kesho.

4. Na wachezaji je?
Hao ni wanafunzi, watoto wa watu. Waliopoteza fedha huwatumia matusi na vitisho. Ndiyo maana Januari 2026 Charlie Baker, rais wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo, aliiomba serikali isimamishe masoko hayo kwa michezo ya vyuo mpaka kuwe na ulinzi.

5. Sisi tuliobaki
Kupenda mpira si dhambi. Lakini tujipime. Tunapompigia kijana simu kila wiki tukidai fedha, bila kumuuliza kama amekula, tunaweza kumsukuma atafute njia ya mkato. Kidogo kilichotoka katika jasho lake kinatosha. Tukipokee kwa shukrani. Na aliyepoteza tusimcheke. Tumsikilize, tuombe naye, tumsaidie kuanza tena.

Maswali ya kujadiliana nyumbani
a) Fedha tunazopokea, tunajua zimetoka wapi?
b) Tukimpigia ndugu yetu juma hili, tutaanza na neno gani?

Bwana awabariki na kuwalinda watoto wetu walio mbali. Amina.