Picha Yako Inasikia Baridi

 

Wadogo zangu, wiki iliyopita mmoja wenu alinisimamisha njiani hapa Lyamkena, Makambako. "Dada, ile picha ya kuchorwa tuliyotuzwa siku ya harusi imefifia, imekuwa kama ina moshi. Nimeshaandaa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga. Niifute tu?" Nikamwambia, mdogo wangu, hiyo sabuni irudishe kabatini kwanza. Kisha nikamwuliza picha imetundikwa wapi. Akasema ukutani, juu ya pale wanapoweka jiko la mkaa jioni baridi ikizidi.

Sikumlaumu, maana nami niliwahi kuharibu picha kwa mapenzi yaleyale. Ilikuwa mwezi wa saba. Nililetewa picha imeviringishwa, ikasafiri usiku kucha kwenye buti la basi. Niliipokea alfajiri, vidole vimekufa ganzi, na kwa hamu niliyokuwa nayo nikaikunjua palepale. Nikasikia mlio mdogo kama wa jani kavu likikanyagwa. Mstari mweupe ukakatiza uso wa mama aliyechorwa akichuma chai.

Baadaye ndipo nikaelewa: picha ile ilikuwa ya rangi ya akriliki. Akriliki ni plastiki laini iliyochanganywa na maji na rangi. Mchoraji akishapaka, maji hukauka, chembechembe za plastiki zikashikana na kuwa kama ngozi moja. Ngozi hiyo hufuata hali ya hewa. Kwenye joto la Dar es Salaam inalainika, inanata kidogo na kukamata vumbi. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 inaanza kukakamaa, na likikaribia nyuzi 5, ukiikunja inaweza kupasuka. Nyuzi hizo sisi wa Makambako na Njombe tunazijua kwa mifupa yetu kila Juni na Julai. Kwa hiyo ushauri wa ndugu zetu wa pwani, wa kuikinga picha na joto na vumbi, ni mzuri, lakini haututoshi. Huku picha inaumizwa na baridi yenyewe, halafu inaumizwa tena na vile tunavyoikimbia baridi: mkaa, kuni, milango iliyofungwa.

Kabla hatujaendelea, kajueni picha yenu imechorwa kwa rangi gani, maana si zote ni za akriliki. Barabara inayotoka hapa kwetu kwenda Njombe na Songea ukiifuata unafika Tunduru, alikozaliwa mchoraji Edward Saidi Tingatinga mwaka 1932. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli juu ya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, lakini jina lake limebaki kwa mtindo mzima. Rangi ile ikikauka huwa ngumu na hung'aa. Akriliki ni ndugu wa rangi ya maji, na mara nyingi utaikuta kwenye kanvasi. Ukiwa na shaka, mwulize aliyeichora au aliyekuuzia. Ukiona picha ina mng'aro usidhani ni ngumu, huenda ni vanishi tu iliyopakwa juu.

Sasa twende kwenye kusafisha, maana hapo ndipo wengi tunapoumiza. Akriliki hunywa maji. Ukiifuta kwa tambara lenye maji inavimba, na baadhi ya vitu vilivyomo ndani yake vinatoka na maji yale. Sabuni, spiriti, limao na mate, vyote viacheni. Akriliki za kuchanganya na maji zilianza kuuzwa kwa wachoraji Marekani miaka ya 1950, hivyo ni rangi changa, na hata makumbusho makubwa kama Tate ya Uingereza yamelazimika kufanya utafiti wa miaka ili kujua zisafishwe vipi. Ikiwa wao wanakwenda taratibu, sisi na sabuni ya unga tunakimbilia wapi?

Nunua brashi laini ya poda, mpya, na uiandike "ya picha" ili asije mtu akaichukua. Tazama kwanza kama kuna rangi inayobanduka. Ikiwepo, usiguse. Kama hakuna, inamisha picha mbele kidogo, kisha pangusa kuanzia juu kushuka chini, mkono mwepesi kama unampangusa mtoto aliyelala. Msimu wa kiangazi, upepo wetu unapoingiza vumbi hadi kwenye sahani, fanya hivyo mara moja kwa mwezi. Masizi yanaweza kuwa na mafuta. Ukiona brashi inayasambaza, acha hapohapo na umtafute mchoraji.

Mahali pa kutundika ni dawa kubwa kuliko brashi. Hamisha picha mbali na jiko, mbali na mlango wa jikoni, na mbali na ukuta unaopigwa na mvua. Na jiko la mkaa lenyewe, wadogo zangu, msilifungie ndani usiku. Hewa yake inaua watu. Chagueni ukuta wa ndani usiofikiwa na jua la dirishani, maana jua la huku juu ni kali hata siku ya baridi, na rangi nyingine huchujuka. Nyuma ya pembe za chini bandika vipande vidogo vya mbao ili hewa ipite. Kuanzia Novemba hadi Aprili ukungu haubaki nje tu. Unaota hata nyuma ya kanvasi.

Nyuma ya fremu funika kwa kadibodi safi, izuie vumbi, buibui na viwiko vya watoto. Hapohapo kwenye kadibodi andika jina la mchoraji, mwaka, aina ya rangi, na kama imepakwa vanishi. Usiandike nyuma ya kanvasi yenyewe, wino unaweza kupenya. Na ukitengenezesha fremu, usikubali paina mbichi. Mbao tunazo tele, lakini isiyokauka vizuri itapinda na kuivuta kanvasi pamoja nayo.

Picha ya kuhifadhi isimamishwe, isilazwe chini ya mizigo, na isigusane uso kwa uso na nyingine, kwa sababu akriliki hushikana yenyewe kwa yenyewe. Nailoni isiguse rangi kabisa. Weka vipande vya kadibodi kwenye pembe, ndipo ufunike kwa khanga safi. Ikibidi kuiviringisha kwa safari, fanya hivyo mchana chumba kikiwa na joto. Tandika karatasi ya kuokea keki juu ya rangi, viringisha upande wa rangi ukiwa nje, kwenye bomba nene. Kadiri linavyokuwa nene ndivyo picha inavyopona. Ikifika, iache ndani siku nzima bila kuifungua. Hamu yako itasubiri.

Na ninyi wachoraji wachanga, msipake akriliki asubuhi yenye baridi kali mkadhani itakauka tu jua likitoka. Chini ya nyuzi 9 hivi chembechembe zile hazishikani vizuri, na picha inazaliwa dhaifu.

Yule mdogo wangu amehamisha picha yake ya harusi. Vumbi limetoka, masizi kiasi yamebaki, na nimemwomba ayaache hadi mchoraji atakapopita. Ile ya mama wa chai bado iko sebuleni kwangu na mstari wake. Asubuhi za mwezi wa saba, kabla sijagusa picha yoyote, huutazama mstari ule, nikaipasha mikono yangu joto kwa kikombe cha chai kwanza.