Mwenye 100 Kafeli, Mwenye 8 Kapeta: Somo Fupi la Namba na Maandishi

Wanachuo wenzangu, hasa sisi tunaosomea ualimu, kuna kosa dogo la kompyuta linaloweza kumfelisha aliyepata mia na kumpitisha aliyepata nane. Hapo hakuna uchawi wala mwalimu mwenye roho mbaya. Ni programu iliyolinganisha maandishi mahali ilipotakiwa kulinganisha namba.

Tuanze na msingi. Kwa kompyuta, 40 na "40" ni vitu viwili tofauti. Ya kwanza ni namba, unaijumlisha na kuigawanya. Ya pili, kwa sababu ya zile alama za kunukuu, ni maandishi: tarakimu 4 ikifuatiwa na 0, zimekaa pamoja kama herufi zinavyokaa kwenye jina Asha. Ndiyo maana kwenye Python "40" + "5" inakupa "405", si 45.

Sasa, maandishi hulinganishwaje? Kama kwenye kamusi. Neno "babaika" linatangulia "chai" japokuwa ni refu zaidi, kwa sababu b inakuja kabla ya c. Urefu hauhesabiki kama herufi za mwanzo zimeshatofautiana. Chukua "100" na "40". Kompyuta inatazama 1 na 4, inaona 1 inatangulia, inafunga mjadala: "100" ni ndogo. Chukua "8" na "40": 8 inakuja baada ya 4, basi "8" ni kubwa.

Nilipokuwa fildi, ofisi ya taaluma ilikuwa na programu fupi ya Python ya kutoa orodha ya wanafunzi waliopata chini ya 40, ili wapewe masomo ya ziada. Binti aliyeongoza hisabati kwa 100 akatokea kwenye orodha. Walimu wakacheka, jina likafutwa kwa kalamu, yakaisha. Mimi nikamtafuta mwenye 8. Hakuwemo. Na hapo ndipo penye uzito, kwa maana mwenye 100 atalalamika tu, lakini nani ataenda ofisini kulalamika kwamba hakuwekwa kwenye orodha ya waliofeli? Yule kijana angekosa msaada kimyakimya.

Ndani ya programu mstari wenyewe ulikuwa huu:

if alama < "40":

Hivi zile alama za kunukuu zinafikaje pale? Python ikisoma kitu kutoka kwenye faili la CSV, au kwa input(), inakupa maandishi. Ukiandika alama < 40 inagoma na kukutolea TypeError, maana yake umelinganisha aina mbili zisizolingana. Wengi wakiona hivyo wanaizungushia 40 alama za kunukuu ili ugomvi uishe. Ugomvi unaisha kweli, ila jibu nalo linaharibika. Ujumbe wa kosa ni rafiki yako, usimzibe mdomo.

Dawa ni kubadilisha aina mlangoni, data inapoingia tu:

alama = int(alama)
if alama < 40:

Kama kuna alama za nusu, mfano 67.5, tumia float, kwa sababu int("67.5") itakataa. Na kama mtu hakufanya mtihani, na kwenye faili kuna nafasi tupu au neno, programu itasimama na ValueError. Usikimbilie kumwekea sifuri. Asiyefanya mtihani na aliyepata sifuri si mtu mmoja; mtenge kwanza.

Angalia pia usawa. Kwenye Python, "40" == 40 haileti kosa lolote, inajibu False na kuendelea na safari. JavaScript, aliyoitengeneza Brendan Eich mwaka 1995, ina tabia yake: "40" == 40 ni kweli kwa sababu inajibadilishia yenyewe, lakini ukiweka === inakataa. Huko badilisha kwa Number() na tumia ===.

Wasioandika programu nao hawajapona. Kwenye Excel, namba iliyohifadhiwa kama maandishi kwa kawaida hukaa kushoto mwa kisanduku, namba halisi hukaa kulia. Katika kulinganisha, Excel huyaona maandishi kuwa makubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo 8 ya maandishi "inazidi" 40. SUM ya safu nzima nayo inairuka. Tumia VALUE kuirudisha kuwa namba.

Lakini si kila chenye tarakimu ni namba. Namba ya simu inayoanza na 07 ukiigeuza namba, sifuri ya mbele inapotea. Jiulize: nitaijumlisha au kuitafutia wastani? Kama hapana, iache iwe maandishi.

Mwisho, majaribio. Kosa hili linajificha kwa sababu alama zote za tarakimu mbili, 10 hadi 99, hulinganishwa sawasawa hata zikiwa maandishi. Darasa zima laweza kutoka vizuri isipokuwa wawili. Kwa hiyo kabla ya kubandika matokeo ukutani, ingiza alama tatu za uongo: 8, 40 na 100. Zikikaa mahali pake, bandika.