Chumvi Inayokula Mavuno

Tia maji ya mto katika sufuria safi, uyachemshe mpaka yakauke yote. Tazama chini: utaona unga mweupe kidogo. Ndani ya unga ule mna chumvi. Ulimi haukuionja, lakini ilikuwamo.

Katika nchi ya Iraki, kati ya mito Tigri na Eufrate, mvua ni haba na jua ni kali. Tangu zamani watu walichimba mifereji ili kuleta maji ya mto mashambani. Jua lilikausha maji, chumvi ikabaki. Tena maji mengi yalizama, yakainua maji yaliyo chini ya ardhi. Hayo nayo yalipanda katika udongo, kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa, yakaleta chumvi yao juu. Kwetu Kongo, mahali pengi mvua huosha udongo, kule haitoshi.

Mmea ulio katika chumvi huona kiu hata udongo ukiwa umelowa, maana chumvi huzuia mizizi kunywa.

Watu wa kale wa Iraki waliandika hesabu za mavuno juu ya vibao vya udongo. Mwaka 1958 wenye elimu wawili, Thorkild Jacobsen na Robert Adams, walizieleza. Karibu miaka 2400 kabla ya kuzaliwa Kristo, hektari moja kusini ya nchi ilitoa litri 2500 za shayiri. Kufika miaka 1700 kabla ya Kristo, ilitoa kama litri 900 tu. Na shayiri huvumilia chumvi! Ngano haiivumilii hivyo, waliiacha.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mkulima avuna magunia 25. Mbegu, ng'ombe wa kulimia na vibarua vyamgharimu magunia 8. Abaki na 17. Chumvi ikiingia, avuna 9. Je, vibarua watapunguza mshahara wao? Hata kidogo. Atoa yale yale 8, abaki na gunia 1. Mavuno yalipungua, lakini faida karibu ilikwisha yote.

Dawa ipo: kuosha udongo kwa maji, na kuchimba mifereji mingine ya kuondoa maji yenye chumvi. Lakini ni kazi ya gharama kubwa, nayo yamshinda mtu mmoja. Mfereji mkubwa wa namna hiyo katika Iraki una urefu wa kilometa 565. Ulianza kuchimbwa mwaka 1953, ukamalizika mwaka 1992.

Iraki haiko peke yake. Mwaka 2014 wenye elimu walikadiria kwamba chumvi katika mashamba ya kunyweshea hupoteza mavuno ya dola milioni 27,300 kila mwaka duniani.

Maulizo. Chumvi ya shambani yatoka wapi? Kwa nini yadhuru mmea? Mkulima wetu akivuna magunia 7, atalipa vibarua kwa nini?