Draupadi na Waume Watano: Uaminifu wa Mke katika Vitabu vya Wahindu

Mara nyingi mtu ajadiliapo dini na Wahindu huwauliza: "Mwawezaje kumsifu mke mwaminifu, hali Draupadi, mnayemheshimu, aliolewa na waume watano?" Swali lenyewe si baya. Lakini mwenye kuliuliza kwa dhihaka, bila ya kujua yaliyoandikwa, hujiaibisha mwenyewe. Basi, msomaji mpenzi, na tuvitazame vitabu vyenyewe.

Kwanza, kanuni inayosifiwa humo ni mke kuwa na mume mmoja. Sheria za Manu zinamtaka mke mwema, hata akifiwa na mumewe, asitaje jina la mwanamume mwingine. Katika Ramayana, Sita alitekwa na Ravana, akamkataa katakata; na alipookolewa aliingia motoni ili kuuthibitisha usafi wake.

Pili, Mahabharata inasimulia kuwa Arjuna alimpata Draupadi kwa kushinda shindano la upinde. Ndugu hao walipofika nyumbani wakasema wameleta sadaka, na mama yao Kunti, bila ya kutazama, akawaambia wagawane wote. Neno la mama likawa amri.

Je, jambo hili lilipokelewa kuwa la kawaida? La, hasha! Mfalme Drupada, baba wa Draupadi, alipinga: mume kuwa na wake wengi limeamriwa, lakini mke kuwa na waume wengi halijapata kusikiwa. Yudhishthira, mkubwa wa ndugu hao, akamjibu kwa habari ya Jatila, aliyekuwa na waume saba. Naye Vyasa akaeleza kuwa katika maisha yaliyotangulia Draupadi alimwomba mungu Shiva mume, akarudia ombi lake mara tano. Hata hivyo lawama haikuisha. Baadaye Karna alimtukana Draupadi barazani kwa sababu hiyo hiyo.

Tatu, ndoa hiyo iliwekewa mpaka. Narada aliwaonya kwa kisa cha Sunda na Upasunda, ndugu waliouana kwa ajili ya mwanamke mmoja. Wakaapa kwamba atakayemwingilia mwenziwe akiwa faraghani na Draupadi ataishi uhamishoni. Arjuna alipoingia kuchukua silaha ili aokoe ng'ombe walioibwa, akaitimiza adhabu hiyo, ingawa Yudhishthira alikuwa radhi kumsamehe.

Sasa uangalie mwisho wake. Katika safari yao ya mwisho kupanda Himalaya, Draupadi ndiye wa kwanza kuanguka na kufa. Bhima akauliza sababu. Yudhishthira akajibu kuwa alimpendelea Arjuna kuliko wengine. Sita husifiwa kwa kumpenda mmoja peke yake. Draupadi alaumiwa kwa kumpenda mmoja zaidi! Kwa hiyo kosa lake kitabuni si idadi ya waume, bali ni kutowatimizia haki sawa wote aliofungamana nao.

Wala kisa hiki hakikufanywa kanuni kwa Wahindu wote. Desturi ya ndugu kuoa mke mmoja ilidumu katika baadhi ya jamii za Himalaya, kama vile Kinnaur na Jaunsar-Bawar, na sheria ya ndoa ya Wahindu ya mwaka 1955 inamkataza mume na mke pia kuwa na wenzi wawili kwa wakati mmoja.

Basi, anayetaka kuuliza na aulize hivi: ikiwa haki yadaiwa kwa mke wa watano, je, yadaiwa vivyo hivyo kwa mume wa wengi? Swali hilo latufaa sote kujiuliza, kabla ya kumcheka jirani.